Art Pepper: Je, Unga Ndio Uliopuliza?

Kila tunapokaa na wenzangu kumzungumzia Art Pepper, tunaishia pale pale: eti bila heroini pasingekuwa na saksafoni ile. Mimi nakataa, na ushahidi ninauchukua kwake mwenyewe.

Tuanze na kitabu. Straight Life (1979) huitwa tawasifu, lakini Pepper hakukaa mezani akaandika. Alisimulia, mkewe Laurie akamrekodi kwenye kanda, kisha akayaandika na kuyapanga masimulizi hayo. Kwa hiyo tunaye mtambaji, na mtambaji hutaka hadhira isisimke. Nadhani Laurie alilijua hilo, maana kaingiza humo sauti za watu wengine waliomfahamu Pepper, na hawakubaliani naye kila mahali. Kwangu mimi hapo ndipo fani ya kitabu ilipo.

Sasa kisa maarufu kuliko vyote, cha tarehe 19 Januari 1957. Anasema aliambiwa asubuhi ile ile kwamba kuna kurekodi. Alikuwa hajapuliza siku nyingi, saksafoni imeharibika, akaifunga kwa utepe, akajidunga, akaenda kukutana na wapigaji wa Miles Davis: Red Garland kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi, Philly Joe Jones kwenye ngoma. Ikatoka Art Pepper Meets the Rhythm Section, santuri nzuri ajabu, hilo silibishi. Lakini orodha za rekodi zinaonyesha kwamba tarehe 14 mwezi huo huo alikuwa studio akirekodi Modern Art. Siku tano tu, jamani! Mtu huyo alikuwa kazini.

Simwiti mwongo, pengine aliamini alichosimulia. Ninachouliza ni hiki: kisa hicho kinamfanya nani shujaa? Kinaufanya unga.

Haya, unga wenyewe ulifanya nini? Ulimtia jela mara kwa mara tangu miaka ya 1950, mpaka San Quentin katika miaka ya 1960. Alirekodi Intensity mwaka 1960 akiwa na miaka 35. Living Legend, aliporudi studio kwa jina lake, ni ya 1975, akiwa na karibu 50. Hesabu mwenyewe. (Kwenye piano humo yumo Hampton Hawes, naye alifungwa kwa heroini hiyo hiyo mpaka Rais Kennedy alipomsamehe mwaka 1963.)

Mwenzangu mmoja hunijibu: sikiliza rekodi za Village Vanguard za 1977, sauti inakatika, inalia, jela imo mle. Imo, sikatai. Lakini San Quentin ilijaa watu walioumia, na si wote waliotoka wakapiga vile. Pepper alikuwa pia amemsikiliza John Coltrane kwa makini, nusura apotelee humo, kisha akahangaika kuirudia sauti yake. Hiyo ni kazi ya msanii, na kitabu kinaipa kurasa chache mno kuliko sindano na mahabusu. Hapo ninakilaumu.

Alifariki tarehe 15 Juni 1982, akiwa na miaka 56. Katika ile saba ya mwisho alirekodi mfululizo, akiwa bado anatumia methadoni. Wenzangu waniazime hizo kwanza, za 1957 tutazirudia baadaye.