Pumzi Kwanza

Kikaragosi hakianzi kwa kutembea. Hakianzi hata kwa kugeuza kichwa. Katika karakana ya Handspring, kundi dogo la michezo ya kuigiza lililoanzishwa Cape Town mwaka 1981, mchezeshaji hufundishwa kwanza kabisa kukipa pumzi: kifua kiinuke kidogo, kishuke, kiinuke tena. Yeye mwenyewe anapumua pamoja nacho. Mwendo huo ni mdogo mno, na watazamaji wengi hawatambui kwamba wanauona, lakini ukikatika kidogo tu ukumbi mzima unahisi kwamba mbele yao pana mbao na kitambaa basi.

Adrian Kohler na Basil Jones, wawili kati ya wanne walioasisi kundi hilo, wamelieleza jambo hili mara nyingi. Mwigizaji wa kawaida anapanda jukwaani akiwa hai, na kinachomtaabisha ni kuigiza kifo. Kikaragosi kinaingia kikiwa kimekufa tayari, kwa hiyo kila dakika kinahangaika kuishi. Ndiyo maana hata kunywa maji au kuketi kitini, vitendo ambavyo mwigizaji akivifanya hatumjali, vikifanywa na kikaragosi tunavitazama kwa makini yote tuliyonayo.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumezoea vikaragosi vya XYZ, kipindi cha mchora katuni Gado kilichoanza kuonyeshwa Kenya mwaka 2009, ambamo sura za mpira za wanasiasa ziliwaumbua wenye sura zao. Ile ni sanaa ya kukejeli, na inahitajika. Handspring wanatafuta kitu kingine: mtazamaji aone huruma juu ya kitu anachojua fika kwamba hakina uhai.

Mtazame Joey, farasi wa War Horse, mchezo uliotolewa katika riwaya ya Michael Morpurgo na kuonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 2007. Mwili wake ni henzirani iliyopindwa ikawa mbavu, na juu yake kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, hata unawaona watu wawili walio ndani. Mgongo umeimarishwa kwa alumini kwa sababu mtu mzima atampanda. Mchezeshaji wa tatu amesimama nje, kando ya shingo, na ndiye mwenye kichwa. Hakuna aliyefichwa. Ukitaka kuwatazama watu hao, watazame. Baada ya muda utajikuta unamtazama farasi.

Wa kichwa ana nyenzo za masikio, na kazi hiyo si ndogo, maana farasi huonyesha hofu na udadisi wake kwa masikio kabla ya kitu kingine chochote. Wa katikati wanamwita moyo. Anaichezesha miguu ya mbele, tena anakunja magoti yake mwenyewe na kuyanyoosha polepole ili kifua kizima cha farasi kipande na kushuka. Wa nyuma ana mkia na miguu ya nyuma. Kohler aliunda pia mtambo mdogo unaokunja kwato kila mguu unapoinuliwa, kama kwato za farasi hai zinavyokunjika. Bila mkunjo huo mguu ungebaki gongo. Na farasi anapolia, wote watatu hutoa sauti kwa pamoja, kwa kuwa mapafu ya mtu mmoja hayatoshi kumpa mnyama wa ukubwa ule sauti yake. Mchezo ukishaanza hawana nafasi ya kusemezana. Mmoja akiamua kwamba Joey ameshtuka, wenzake wanaisikia pumzi yake ikibadilika na kumfuata papo hapo.

Wazo la watu watatu kwenye mwili mmoja lina asili yake Japani, kwenye Bunraku, ambako husemwa kwamba mwanafunzi hukaa miaka 10 kwenye miguu na mingine 10 kwenye mkono wa kushoto kabla ya kukabidhiwa kichwa. Asili nyingine ya Handspring iko Mali, kwenye vikaragosi vya Wabamana. Mwaka 2004 walishirikiana na kundi la Sogolon la Yaya Coulibaly, kutoka Bamako, kutengeneza Tall Horse, kisa cha twiga ambaye Muhammad Ali Pasha wa Misri alimpelekea mfalme wa Ufaransa, naye akatembezwa kutoka Marseille hadi Paris mwaka 1827. Twiga huyo wa jukwaani alibebwa na wachezeshaji waliotembea juu ya magongo marefu ndani ya mwili wake. Tom Morris, mmoja wa waongozaji wa War Horse, aliona kazi hiyo, na ndipo alipojua nani wangeweza kumtengenezea farasi.

Farasi ndiye aliyewapa jina duniani, pamoja na tuzo maalumu ya Tony mwaka 2011. Mimi nawaheshimu zaidi kwa kazi waliyoifanya miaka 10 kabla ya farasi huyo, ambayo ukumbi wake ulikuwa mdogo na hatari yake kubwa.

Mwaka 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilianza kuwasikiliza hadharani watu walioteswa na kufiwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata Handspring walipanda jukwaani na Ubu and the Truth Commission, maandishi ya Jane Taylor, chini ya uongozaji wa mchoraji William Kentridge. Swali lililowakabili lilikuwa zito: nani ana haki ya kusimama jukwaani na kuyasema maneno ya mama aliyefiwa, ilhali mama mwenyewe bado yu hai mjini? Mwigizaji akilia kwa niaba yake, tutakuwa tunasifu kilio cha mwigizaji.

Wakawapa mashahidi miili ya mbao. Wakatili, Pa Ubu na mkewe, wakachezwa na binadamu wa nyama na damu. Kohler alizichonga nyuso za mashahidi na kuacha alama za patasi bila kuzilainisha, ili mwanga ukigusa kingo zile kikaragosi kinapogeuka, uso uonekane kubadilika ingawa hauna msuli hata mmoja. Wachezeshaji walisimama karibu, macho yao yakiwa kwa shahidi, na ushahidi ukasemwa kwa lugha ya Kiafrika huku mkalimani akiutafsiri ndani ya kibanda cha kioo. Kibanda hicho hicho ndimo Pa Ubu alimooga aliporudi kutoka kwenye shughuli zake za usiku. Sijui uamuzi wa jukwaani uliofikiriwa vizuri kuliko huo.

Mchezo unaanza na kikaragosi kinachopika supu. Kinakoroga, kinaonja, kinafanya kazi yake kwa utulivu. Pa Ubu anaingia na kukipiga teke kile chungu. Hakuna risasi wala damu, na bado ukatili wote wa nchi ile umeshaelezwa, kwa sababu tulikuwa tumeanza kukijali kipishi kile cha mbao.

Ujuzi huu umepata mikono mingine. Ukwanda, kundi la wasanii wa Cape Town waliojifunza kwa Handspring, ndio waliobuni wanyama wa kwanza wa The Herds, msafara ulioanzia Kinshasa Aprili 2025 na kupanda kaskazini hadi Norwe, wanyama wakikimbia joto la dunia. Hawakutumia henzirani. Walitumia maboksi na mbao nyembamba, vitu vinavyopatikana katika mji wowote, na njiani wenyeji walifundishwa kuwachezesha wanyama hao ili kundi lizidi kukua kila lilikopita. Nami nauona uamuzi huo wa kuchagua maboksi kuwa ufundi sawa na ule wa kukunja kwato za Joey.