Picha ya Mtoto Aitwaye Kalulu

Iko picha moja iliyopigwa London mwaka 1872 ambayo nimeitazama mara nyingi tangu nistaafu. Stanley amevaa mavazi ya safari, na pamoja naye yuko mtoto Mwafrika ambaye vitabu humwita Kalulu. Msafara wa Unyanyembe unaigizwa ndani ya chumba cha mpiga picha, mbali na vumbi la Tabora. Hicho ndicho kilema cha kwanza cha picha hiyo: mkubwa anajiigiza mwenyewe, mtoto anaigizishwa.

Kilema cha pili ni jina. Stanley aliandika kwamba mwaka 1871, akiwa Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini, Mwarabu mmoja alimpa mtoto huyo mtumwa. Jina lake halikumpendeza, akawaita wakuu wa msafara wamtafutie lingine. Mmoja akasema Simba, wa pili Ng'ombe, wa tatu Mirambo, watu wakacheka. Mwishowe wakakubaliana Kalulu.

Siku hizi wako waandishi wanaolirudisha lile la awali, Ndugu M'hali, kwa nia ya kumrudishia mtoto utu wake. Nia ni njema, lakini Stanley alilifasiri kuwa mali ya ndugu yangu. Sisi wenye lugha twasikia wenyewe: hilo nalo ni jina la mwenye mali. Jina aliloitwa na mama yake halimo katika picha.

Sisemi haya kama mtu safi. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, niliandikisha mtoto mmoja darasa la kwanza. Jina lake la Kinyamwezi niliona refu, nikamwandikia jingine. Miaka mingi baadaye alikuja chuoni kusomea ualimu, vyeti vyake vyote vina jina langu. Akaniambia kwa upole, "Shikamoo Mwalimu. Mama alikufa akiniita lile la kwanza." Sikuwa na jibu.

Kalulu alizama mtoni Kongo mwaka 1877, katika safari nyingine ya Stanley, naye akayapa maporomoko yale jina hilo hilo. Mimi ningeulizwa niandike nini chini ya picha, ningeandika hivi: mtoto aliyepitia Tabora, jina lake hatukumwuliza.