Macho Hayana Pazia: Filamu ya Ndege Isiyo na Rubani

Tangu mwaka 2015 iko filamu iitwayo Eye in the Sky, iliyoongozwa na Gavin Hood, ambayo kisa chake cha kubuni kimewekwa Nairobi, mtaani Eastleigh. Ndani ya nyumba moja wamo magaidi wanaojifunga mabomu. Nje, kando ya ukuta, kakaa mtoto wa kike, Alia, auza mikate ya mamake. Juu yao yazunguka ndege isiyo na rubani, na kijana anayeiendesha yuko Nevada, Marekani, amekaa kitini.

Filamu hii ina sifa moja kubwa: yaonyesha jinsi hesabu inavyopindwa. Kanali wa Kiingereza, aliyeigizwa na Helen Mirren, amshurutisha askari wake ateremshe kadirio la kufa kwa mtoto mpaka lifike asilimia 45, ili wakubwa waridhike. Hapo hesabu si mizani tena. Imekuwa nguo ya kusitiri jambo lililokwisha kuamuliwa. Kombora latupwa, na mtoto afa.

Walakini ina kosa, nalo si dogo. Imewapa wenye ndege ujuzi wasiokuwa nao. Wana kamera mfano wa mdudu, imeingia hadi chumbani. Majina wayajua, mabomu wayaona. Kwa hakika mambo si hivyo. Ndege za Predator ziliporuka juu ya Bosnia mwaka 1995 zilikuwa za kutazama tu. Mwaka 2001 zikatiwa makombora. Jicho likapewa mkono wa kuua. Tarehe 29 Agosti 2021, mjini Kabul, Wamarekani walilifuata gari moja kwa muda wa saa 8, wakidhani limepakia mabomu, kumbe ni madumu ya maji. Walikufa watu 10, kati yao watoto 7. Tarehe 17 Septemba wenyewe wakakiri kosa. Wala hakuna askari aliyeadhibiwa.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli, lakini kuona si kujua. Shahidi mbele ya kadhi huulizwa amejuaje, kabla mtu hajahukumiwa. Aliye juu ya mawingu, ni nani amwulizaye?

Itazameni filamu hii pamoja na vijana wenu, kisha waulizeni: lau yule mdudu asingekuwapo, nani angelijua mle ndani mna nini?