Kiti cha Uhura: Usemi katika Michezo ya Kompyuta Itokanayo na Star Trek

Si desturi ya wahakiki wa Kiswahili kushughulika na michezo ya kompyuta, na huenda msomaji akauliza yahusu nini jarida la lugha. Jibu limo katika jina moja. Tamthilia ya televisheni iitwayo Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Septemba 1966, ilimpa afisa wa mawasiliano wa chombo chake cha angani jina la Uhura, litokanalo na neno letu uhuru. Irabu ya mwisho ilifanywa a ili jina lisikike la kike, kama ilivyo katika lugha kadhaa za Ulaya. Sarufi yetu haina jambo hilo, maana ngeli zetu hazitengi mume na mke. Tena hawakuchukua jina tu: katika sehemu moja ya mwaka 1967, Uhura, akiwa amefutwa kumbukumbu, anasema Kiswahili. Basi yafaa tuipime michezo iliyozaliwa na tamthilia hiyo kwa swali hili: je, usemi una kazi gani ndani yake?

Mchezo wa Mike Mayfield wa mwaka 1971 haukuwa na picha. Mchezaji aliamuru kwa maandishi matupu na kuwawinda adui katika miraba. Elite Force, wa mwaka 2000, umetengenezwa kwa ustadi, lakini ni mchezo wa bunduki, na maneno ndani yake ni pambo. Wenye daraja ya juu zaidi ni 25th Anniversary, wa mwaka 1992. Humo nahodha huchagua la kusema, na neno la busara aghalabu hufaa kuliko silaha. Toleo lake la diski lina sauti za waigizaji wenyewe, akiwamo Nichelle Nichols, aliyekuwa Uhura, ambaye alifariki mwaka 2022.

Walakini kwa kipimo chetu hapana budi kuutanguliza Bridge Crew, wa mwaka 2017. Wachezaji ni wanne: nahodha, mshika usukani, mwenye silaha na mhandisi. Nahodha ndiye asomaye maagizo ya safari, lakini hana usukani wala silaha. Asiposema, chombo hakiendi. Usemi umekuwa mtambo wenyewe.

Nimewatazama vijana wanne wakiucheza mjini Mwanza. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, amri zote zikawa za Kiswahili. Mshika usukani aliambiwa "kata kushoto", kama dereva wa daladala. Ngao zilikuwa ngao, bila kutafuta istilahi. Nahodha, aliye mdogo kwa umri, hakuthubutu kutoa amri tupu kwa mkubwa wake, alisema, "Kaka, ngao!" Katika neno hilo moja heshima ya umri na mamlaka ya cheo vilipatanishwa, na hapana kamusi ya mchezo ingaliweza kutufundisha hayo.

Mtu aliyewahi kukaa ufukweni usiku, akaona taa za wavuvi wa dagaa zimetanda ziwani kama nyota, hatashangaa. Msukuma, Mkerewe, Mjita na Mjaluo huweza kuwamo katika chombo kimoja, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi.

Hapa ndipo penye dosari kubwa ya Bridge Crew. Mchezo huu, unaosimama juu ya usemi kuliko wenzake wote, haumpi mchezaji yeyote kazi ya afisa wa mawasiliano. Kiti cha Uhura kimeachwa nje ya mchezo. Jina letu lilichukuliwa, kazi yake ya kusikiliza na kufasiri ikatupwa. Nasi tusilaumu watengenezaji wa mbali peke yao. Istilahi za michezo hii zinazaliwa kila jioni vinywani mwa vijana, na sisi wataalamu hatujaketi kuziandika. Kiti hicho ni chetu kukikalia.