Fundi wa Nyuzi

Saa tatu usiku, vyombo vikishaoshwa na watoto wakishalala, dada yangu huifuta meza ya chakula kwa kitambaa kikavu na kupanga juu yake vitu vinne: kompyuta mpakato, simu, kaunta buku, na kikombe cha chai ya tangawizi ambacho mara nyingi hupoa kikiwa nusu. Mchana ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Tabata, Dar es Salaam. Usiku ni msimamizi, mmoja kati ya sita, wa jukwaa la mtandaoni ambako watu hujadili kilimo, mapenzi, siasa, magari na bei ya mabati. Wanachama humwita mod. Jina la jukwaa ameniomba nisilitaje.

Nimekaa kando yake mara nne. Nilikwenda nikidhani nitamwona akifuta na kufungia watu. Usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu hadi saa saba, alificha majibu tisa na kumfungia mtu mmoja. Muda wote uliobaki alikuwa akisoma.

Anaanza na foleni. Mwanachama akiona jambo baya hubonyeza kitufe cha kuripoti, na ripoti hujipanga kwa saa, ya zamani juu, mpya chini. Usiku ule zilikuwa 43. Mimi ningeanza na ya kwanza. Yeye alizipitia zote bila kugusa hata moja, kidole kikisukuma ukurasa taratibu, na kwenye kaunta buku akaandika namba tatu tu: 7, 22, 38. Ya 7 ilikuwa namba ya simu ya mwanamke, imebandikwa na mwanamume aliyeachwa. Ya 22 ilitaja mtaa anaokaa mtu fulani na rangi ya geti lake. Ya 38 ilikuwa tangazo la ajira linalotaka "ada ya fomu" itumwe kwa simu kabla ya usaili. Tusi linaweza kungoja, aliniambia, lakini namba ya simu haingoji. Kila dakika kuna mtu anainakili. Alizificha zote tatu kabla sijamaliza kuzisoma, kisha akarudi juu ya foleni na kuvuta kiti karibu na meza.

Kila ripoti ina kisanduku kidogo cha sababu. Kati ya zile 43, zenye sababu zilikuwa 12. Nyingine zilikuwa tupu, au mtu ameandika "huyu", au "mods mpo?" Ripoti tupu humlazimu asome ukurasa mzima akitafuta mwenzake aliona nini.

Ripoti iliyomkalisha zaidi ilitoka kwenye jukwaa la ufugaji, moja ya sehemu za jukwaa kubwa. Ilihusu uzi, na uzi, kwa msomaji asiyezoea majukwaa, ni mada moja pamoja na majibu yake yote. Aliyeuanzisha alikuwa mfugaji mgeni aliyenunua vifaranga 200 wa kuku wa nyama, na walipoingia wiki ya tatu wakaanza kufa, watano leo, wanane kesho. Kichwa alichoweka: MSAADA JAMANI!!!! Aliyeripotiwa alikuwa ameandika, katika jibu la 31, sentensi moja chafu kuhusu mama wa mwenzake. Hapakuwa na la kubishia. Kwa mtu mwenye haraka hiyo ni kazi ya sekunde tano: ficha, mpige ban, njoo ripoti inayofuata.

Dada alipanda hadi juu kabisa, akaanza kusoma jibu la kwanza. Husoma uzi kama anavyosoma leja, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Majibu ya mwanzo yalikuwa ya watu wanaojua wanachosema. Mmoja aliuliza taa ya joto imening'inizwa urefu gani kutoka sakafuni. Mwingine aliuliza kama vifaranga wanarundikana chini ya taa au wanaikimbia, maana kurundikana ni baridi na kukimbia ni joto. Wa tatu alitaka kujua kama chanjo ya kideri ilitolewa siku ya 7 na ya gumboro siku ya 14. "Hawa ndio wenye nyumba," dada alisema, bila kuinua macho. Katika jibu la 16 akaingia muuza vifaranga, akadai kwamba vifo vyote hivyo vinaletwa na vifaranga wa bei ya kutupa wa mshindani wake. Katika jibu la 19 mtu akahoji bei ya vifaranga vyake, kisha akasema kwamba watu wa kabila la muuzaji huyo wanajulikana tangu zamani kwa wizi.

Sentensi ile ilikuwa ya upole. Haikuwa na tusi, imeandikwa kwa Kiswahili sanifu, koma mahali pake. Hakuna aliyeiripoti. Lakini kuanzia hapo hakuna tena aliyezungumza na mfugaji isipokuwa mmoja, kwa nusu ya jibu. Majibu ya 20 hadi 30 yalikuwa watu wakipimana makabila, na la 31 lilikuwa la mtu aliyechoka kusikia kwao kunatukanwa kwa lugha nzuri, akatukana kwa lugha mbaya. Mfugaji mwenyewe alionekana mara moja tu katikati, jibu la 26: "Jamani leo wamekufa kumi na moja." Akapitwa kama mtu anayeuliza njia kwenye ugomvi wa stendi.

Dada aliandika kwenye kaunta buku: 19, si 31. Akapiga mstari chini.

Kukata nako kuna utaratibu wake. Programu za majukwaa kwa kawaida zina njia mbili za kuondoa jibu: kulificha, ambapo wanachama hawalioni lakini wasimamizi wanaweza kulirudisha, na kulifuta moja kwa moja. Yeye huficha, karibu kila mara, kwa sababu msimamizi hukosea naye na kilichofutwa hakina rufaa. Ugumu uko kwenye nukuu. Mtu anapojibu, programu huchukua maneno ya anayejibiwa na kuyaweka juu ya jibu jipya. Kwa hiyo jibu la 19 lilikuwa limejipachika pia ndani ya la 20, la 23, la 24 na la 29. Msimamizi asiyezoea huficha la 19 akaenda kulala, na asubuhi anakuta sentensi ileile inasomwa mara nne. Dada alifungua moja baada ya jingine. Matatu hayakuwa na kitu zaidi ya ugomvi, akayaficha mazima. La 24 lilikuwa na aya tatu: ya kwanza kejeli, ya tatu kejeli, ya katikati maelezo mazuri ya namna ya kutoa maranda yaliyolowa bila kuwatia vifaranga baridi, upande mmoja wa banda la joto kwanza, kisha wa pili. Alikata nukuu, akakata aya ya kwanza, akakata ya tatu. Aya ya katikati ilianza na neno "Halafu", ambalo sasa halikuwa na cha kufuatia. Akalifuta. Akatazama. Akalirudisha. Maneno ya mtu, alisema, yeye hana kazi ya kuyanyoosha. Kazi yake ni kuondoa kilichovunja kanuni na kuandika chini kwamba jibu limehaririwa na msimamizi.

Hapo akachukua simu, akafungua uzi uleule kama mwanachama wa kawaida, asome kama atakavyosoma mgeni. Taa, joto, chanjo, maranda, vifo kumi na moja. Aliguna kidogo. Kichwa akakibadilisha kikawa "Vifaranga wa kuku wa nyama wanakufa wiki ya tatu: chanzo ni nini?" kwa sababu mwakani mtu mwingine atakuja kutafuta jibu hilihili, na hakuna atakayelipata chini ya MSAADA JAMANI. Vichwa vya namna hiyo vimejaa humo.

Barua ndizo nilizozipenda kuliko yote. Kila anayefichiwa jibu huandikiwa kwa faragha, na wasimamizi wengine wana barua moja waliyoiandaa, wanaibandika kwa kila mtu. Dada huandika upya. Kwa mwenye jibu la 19 alianza hivi: "Habari za usiku mkuu. Tabia yako ya kuleta ukabila haikubaliki." Akasimama. Akaufuta mstari wote wa pili.

"Tabia yake siijui, mdogo wangu," aliniambia. "Ninachokijua ni jibu lake la 19."

Akaandika: "Jibu lako namba 19 limefichwa kwa sababu linahukumu kabila zima kwa jambo la mtu mmoja. Akaunti yako haitaweza kuandika kwa siku tatu. Hoja yako kuhusu bei ya vifaranga ilikuwa ya msingi, unaweza kuirudia. Ukiona nimekosea, jibu ujumbe huu, msimamizi mwingine ataupitia." Hakuutuma. Alikwenda kuangalia kama geti limefungwa, akarudi, akausoma kwa sauti ya chini, ndipo akautuma. Huyu wa 31, aliyekuwa ameripotiwa, alipata mistari miwili na neno "pole", bila adhabu. Nilimuuliza kama si uonevu kwa yule mwingine ambaye hakutukana. Akanionyesha tena mtiririko, kuanzia la 18 hadi la 31, kwa kidole. Sikuwa na swali jingine.

Kumfungia mtu, au kama wanavyosema wenyewe, kumpiga ban, ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu aliyefungiwa hufungua akaunti nyingine kabla maji hayajachemka. Nilidhani dawa ni kuifunga anwani yake ya IP. Dada akanieleza kwamba mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa pamoja. Ukiifunga umewashusha abiria wa daladala nzima kwa kosa la mmoja. Yeye hutambua watu kwa mwandiko. Usiku wa tatu niliona akaunti ya saa moja tu ikiingia kwenye jukwaa la siasa na salamu nzuri. Dada alisoma sentensi mbili akasema, "Karudi." Mtu huyo huacha nafasi kabla ya koma, sio baada yake, na huandika "kiukweli" mahali ambapo mtu mwingine angevuta pumzi. Hata hivyo hakumfungia kwa koma. Alimweka kwenye kaunta buku na kumsubiri, na siku ya pili mtu yule akabandika tangazo lilelile alilofungiwa nalo awali.

Kazi nyingine ni za haraka. Umeme ukikatika nusu ya jiji, nyuzi tano hufunguliwa ndani ya robo saa, na wanachama wenyewe hupiga kelele, "Mods unganisheni!" Anachagua wenye taarifa nyingi uwe shina, si lazima wa kwanza, anaunganisha nyingine humo, anaacha alama ya kuwaelekeza waliofuata njia ya zamani. Uzi wa mapenzi ulioangukia kwenye jukwaa la magari anauhamisha. Haya anayafanya huku anaongea nami habari za ada ya shule.

Kaunta buku nilidhani ni mazoea ya uhasibu. Ni kumbukumbu: saa, namba ya jibu, alichofanya, sababu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotungwa hapa Tanzania mwaka 2018 zilitaka maudhui yaliyokatazwa yaondolewe ndani ya muda wa saa 12 baada ya mhusika kuarifiwa, na JamiiForums, jukwaa lililoanzishwa 2006, lilizimwa kwa muda Juni mwaka huohuo. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa tayari amefikishwa mahakamani Desemba 2016, moja ya mashtaka likiwa kukataa kutoa taarifa za wanachama. Kwa hiyo katika daftari la dada hamna jina la mtu. Kuna namba za majibu tu. Hata mimi ndugu yake sijui yule mfugaji ni nani, wala mwenye koma.

Kuhusu mipaka ya kazi hii, dada ana mfano anaoupenda, wa Kenya. Mashada lilikuwa miongoni mwa majukwaa ya mwanzo kabisa ya Wakenya mtandaoni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, chuki za kikabila zilimiminika humo hadi kusimamia kukashindikana, na Januari 2008 mwenye jukwaa, David Kobia, akalifunga. Wengi husimulia habari hiyo kama ya kushindwa. Dada haisimulii hivyo. Kwake, Kobia alijua mikono yake inafika wapi, na badala ya lile akafungua mahali pengine pa watu kuandika kwamba wao hawana kabila, kisha akawa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi.

Usiku wa nne, kabla hajazima, alirudi kwenye uzi wa vifaranga. Mfugaji alikuwa ameandika: amepandisha taa, ametoa maranda, na mtaalamu wa mifugo amepita. Jana walikufa wawili. Leo hakuna. Mwenye jibu la 19, siku zake tatu zikiwa zimekwisha, alikuwa chini yake akieleza kwa utulivu bei za vifaranga, bila kutaja kabila la mtu. Dada alisoma mpaka mwisho, hakugusa kitu, akafunga kompyuta. Chai ilikuwa imepoa.

Nilimuuliza kama ana neno kwa watakaosoma makala hii. Alifikiri kidogo akasema lipo moja: mkibonyeza kile kitufe cha kuripoti, andikeni sababu. Maneno matatu yanatosha.