Mwanga kama Matini: Ramani za Taa za Jean Rosenthal na Suala la Utunzi

Mhakiki wa tamthilia akitakiwa kumtaja mtunzi wa kazi anayoihakiki, hutaja jina lililo juu ya jalada. Akisukumwa kidogo, atamtaja mwelekezi na labda waigizaji. Ni nadra kumsikia akimtaja aliyepanga taa. Aghalabu mwanga huwekwa pamoja na maleba na vifaa vya jukwaani katika aya moja ya mwisho, na kuachwa hapo. Mgawanyo huu una mantiki yake: maneno hubaki kitabuni, ilhali mwanga huzimwa hadhira inapoondoka, na kisichobaki ni vigumu kuhakikiwa. Mantiki hiyo ndiyo ambayo kazi ya Mmarekani Jean Rosenthal (1912–1969) inaitia shakani. Makala haya yanadai kwamba Rosenthal anastahili kuitwa mtunzi katika maana kamili ya neno hilo, na kwamba kilichomfikisha hapo si kipawa cha jicho lake tu bali pia haja ya maonyesho kusafiri.

Alizaliwa New York, binti wa madaktari waliohamia Marekani kutoka Romania. Katika shule ya Neighborhood Playhouse, alikojiunga mwaka 1929, alikutana na mtunzi wa dansi Martha Graham. Kisha akasoma Chuo Kikuu cha Yale chini ya Stanley McCandless, mwalimu aliyejaribu kuuwekea kanuni mwanga wa jukwaani. Mwaka 1935 aliingia Federal Theatre Project, mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasanii wakati wa mdororo wa uchumi. Humo alifanya kazi na Orson Welles na John Houseman, na walipoanzisha Mercury Theatre mwaka 1937 alikwenda nao. Siku hizo kazi yake haikuwa na jina lililokubalika. Aliyepanga taa aliweza kuitwa msimamizi wa jukwaa au mkuu wa ufundi. Kwa vyovyote vile, hakuhesabiwa miongoni mwa wasanii.

Onyesho la kwanza la Mercury lilikuwa *Julius Caesar*, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kupitia tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1963. Shakespeare aliandika kwa ajili ya majumba ya wazi yaliyotumia mwanga wa mchana, na kwa hiyo usiku wake ulibidi uletwe na maneno: Brutus anaagiza taa, na baadaye anaiona ikififia mzuka wa Kaizari unapomjia. Welles alikatakata matini hayo na kuwavika waigizaji sare zilizokumbusha ufashisti wa Italia. Jukwaa likaachwa tupu. Rosenthal akaelekeza taa juu kutoka sakafuni, zikasimama kama nguzo za mwanga zilizofanana na zile za mikutano ya Wanazi huko Nuremberg. Hakuna mstari wa Shakespeare unaosema kwamba udikteta wa Roma ni udikteta wa miaka ya 1930. Sare zilidokeza hivyo. Nguzo za mwanga zilitamka. Mwanga wa namna hii hauangazii maana iliyokwisha kuwapo, bali unaileta.

Hata hivyo, kuleta maana kwa usiku mmoja si sawa na kuitunza. Onyesho linalokaa katika ukumbi mmoja laweza kutegemea kumbukumbu ya fundi wake. Kundi linalosafiri halina anasa hiyo. Katika kila mji kina cha jukwaa hubadilika, vivyo hivyo urefu wa vyuma vya kutundikia na idadi ya taa zilizopo. Hata umeme wenyewe hubadilika: taa za Marekani hutumia takriban volti 120, ilhali nchi nyingine nyingi hutumia 220 hadi 240. Mafundi wa hapo aghalabu hawajapata kuiona kazi, na pazia lafunguliwa jioni hiyo hiyo. Rosenthal alilijibu tatizo hili kwa maandishi. Ramani ya taa ilichorwa kwa vipimo, ikionyesha kila taa inatundikwa wapi, ina rangi gani na inalenga wapi. Iliandamana na orodha iliyoeleza, kitendo kwa kitendo, taa ipi ipande au ishuke, kwa kiwango gani na kwa kasi gani. Si yeye pekee aliyechora, lakini alichangia pakubwa kuifanya desturi hiyo iwe sharti la taaluma.

Katika New York City Ballet, ambako alifanya kazi hadi mwaka 1957, alikwenda mbele zaidi. Alizipanga taa za pembeni katika mpangilio wa kudumu, dansi kadhaa za usiku mmoja zikatumia taa zile zile na kutofautiana kwa rangi na ukali tu. Mwanafunzi wa ushairi ataitambua hali hii: ni bahari. Vina na mizani ni vile vile, lakini hakuna anayedhani kwamba tarbia zote ni shairi moja.

Utajiri wa mbinu hii unaonekana zaidi katika kazi za Graham. *Clytemnestra* (1958) huanzia kuzimu, ambako malkia aliyekufa anayakumbuka mauaji aliyoyatenda na aliyotendewa. Kwa istilahi za uhakiki, kazi nzima ni mbinu rejeshi. Lakini dansi haina vitenzi, wala njeo. Mwili ule ule wa mchezaji, mbele ya vifaa vichache, unapaswa kuwa sasa na jana. Mzigo wa njeo huangukia mwanga kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana mwali wa mshazari uliojulikana kundini kama "kidole cha Mungu" hauwezi kuitwa pambo.

Kitabu chake, *The Magic of Light*, kilitoka mwaka 1972 baada ya kifo chake, kikiwa kimetayarishwa na Lael Wertenbaker kutokana na maelezo yake ya mdomo. Humo anashikilia kwamba kazi bora ya mpanga taa kwa kawaida ndiyo isiyotambulikana. Wengi wamelichukua dai hilo kama unyenyekevu. Ni heri lisomwe kwa tahadhari. Anayetaka kutoweka haandiki kila badiliko la mwanga ili mtu asiyemjua alirudie vile vile. Tena, katika kumbi ambazo mafundi wake walikuwa karibu wote wanaume, amri iliyo katika karatasi ilimfaa mwanamke: haikuhitaji sauti nzito.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba ramani si mwanga. Taa za miaka ya 1940 hazitengenezwi tena, na karatasi za rangi zimebadilika. Programu za kundi la Graham zimekuwa zikiandika majina mawili: mwanga wa awali, Jean Rosenthal, urekebishaji, Beverly Emmons. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini halimnyang'anyi Rosenthal utunzi. Tenzi nyingi za kale nazo hutufikia kupitia mhariri aliyezihamisha kutoka hati ya Kiarabu hadi ya Kirumi, akichagua irabu hapa na kukisia neno pale. Tofauti ni kwamba mhariri wa tenzi huacha tanbihi. Mhakiki anayetaka kujua Rosenthal anaishia wapi na Emmons anaanzia wapi hana budi kuingia ukumbini na ramani zote mbili mkononi.