Kuutambua Mkono wa Mpimaji wa Moyo

Mwenye kutaka kujua kama eko ya moyo imepimwa na mkono hodari, asianze na namna moyo unavyobana, kwani picha hiyo hata mwanafunzi wa juzi huipata. Na aelekee moja kwa moja pale unapolegea na kujaa damu, maana hapo ndipo ufundi na uzembe hupambanuka.

Kwanza atazame kialama cha Dopla, chenye milimita 1 hadi 3, kimetegwa wapi. Mahali pake ni kwenye ncha za vali ya mitrali, ndani ya ventrikali ya kushoto. Kikirudishwa nyuma kwenye duara la vali, wimbi la E, la damu iingiayo mwanzo wa kulegea, hufupika, na maskini mgonjwa akabandikwa ila asiyokuwa nayo. Wimbi lililopatikana kwa ustadi lina ukingo uliokoza na tumbo jeusi, nalo huteremka kwa mstari mmoja usiotetemeka.

Lakini hadaa kubwa imo katika sura njema. Moyo ukianza kuwa mzito wa kulegea, E hushuka na A, wimbi la atria ikamuapo, hupanda. Kisha maradhi yakizidi na shinikizo la atria ya kushoto likaongezeka, E hurudi juu kana kwamba halikutokea jambo. Nilipata kuletewa ripoti ya mzee aliyepita miaka 70, asiyeweza kulala ila kwa kuegemea mito, imeandikwa kuwa E yaizidi A na moyo ni salama. Na atria yake, iliyotuna waziwazi katika picha ile ile, haikupimwa. Kwa umri ule, E ndefu ilipasa kumtia mpimaji shaka.

Bingwa huipima misuli yenyewe. Kwa mwongozo wa 2016 wa mabingwa wa Marekani na Ulaya, ukuta wa kati ukienda chini ya sentimita 7 kwa sekunde, au wa pembeni chini ya 10, kulegea kuna walakini. Na E ikigawanywa kwa wastani wa kasi hizo ikapita 14, shinikizo hushukiwa. Tena humwamuru mgonjwa afumbe kinywa na kujikamua, na E ya hadaa ikaporomoka mbele ya macho.

Ama ripoti itajayo uwiano wa E na A kwa mgonjwa ambaye atria yake yapapatika, na kwa hiyo A hana kabisa, irudishiwe mwandishi wake.